Mwanga wa Kizingitini

Mzee mmoja mpiga picha mjini Homa Bay hakukubali kumpiga mtu picha adhuhuri akiwa amesimama uwanjani. Mteja angefika na suti yake, ana haraka ya matatu ya Mbita, na mzee angemwambia, "Nyathina, mwanangu, rudi nyuma kidogo. Simama mlangoni." Jua la huku kwetu likiwa utosini huacha macho ya mtu yamezama kwenye mashimo mawili ya giza. Lakini mtu akisimama hatua moja ndani ya kizingiti, jua lenyewe halimfikii. Kinachomfikia ni mwanga wake, uliogonga changarawe nyeupe ya nje ukarudi juu, ukamgusa kidevu, mashavu na mboni za macho. Ngozi nyeusi ikipata mwanga huo huonyesha kila kitu ilicho nacho.

Kisha mzee aliangalia nyuma ya mteja kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia mteja. Kamba ya nguo isimkate shingo. Ndoo isichungulie pembeni. Kilichomkera hakukiondoa kila mara. Mara nyingi alisogea yeye, hatua mbili kushoto, akachuchumaa, na ndoo ikatoweka. Filamu ya kamera yake kubwa ilitoa picha 12, ile ya milimita 35 ikatoa 36, na kila moja ilikuwa imegharimiwa kabla haijaonekana. Sisemi uhaba huo ulikuwa mwema. Nasema ulifunza jicho kuamua kabla ya kidole.

Waliodhani kazi yake iliishia hapo hawakuwahi kuingia kwenye chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu, sura ikiwa imeangaziwa juu ya karatasi, aliupitisha mkono wake kati ya taa ya kukuzia picha na karatasi, akaukinga uso kwa sekunde chache usije ukaiva kupita kiasi, huku vidole vikitikisika ili kingo za kivuli zisionekane. Halafu, kwa picha za nje, alichukua kadibodi yenye tundu na kuiongezea mbingu mwanga, mpaka mawingu ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ambayo filamu iliyaona lakini karatasi ilitaka kuyameza, yakajitokeza. Huko nako ni kuhariri. Hakuongeza wingu ambalo halikuwapo, wala hakumpa mtu uso usio wake. Alirudisha alichokuwa amekiona alipopiga picha.

Ndiyo maana naumia nikitazama picha zinazotumwa sasa kutoka fuo za Mbita. Mama anayeanika omena, yaani dagaa, anapigwa mfululizo, jua likiwa nyuma yake, ziwa likimeta, na uso wake ukawa doa. Halafu filta inaitwa iokoe mambo: mikunjo inafutwa, ngozi inageuzwa rangi ya chai ya maziwa, machweo yanapakwa rangi ambayo ziwa halijawahi kuvaa. Simu nyingine humng'arisha mtu bila hata kuombwa. Omena wenyewe, ile fedha hai iliyotandazwa juu ya nyavu, wanakatwa nje ya picha. Mpigaji angezunguka tu akasimama upande wa pili, mama angekuwa na uso na kazi yake ingeonekana.

Thimlich Ohinga nako, boma la kale la mawe lililo kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, kumepatwa na hayo hayo. Tangu UNESCO ilipopaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, picha nyingi ninazoziona zimepigwa na droni: duara la mawe katikati ya majani mabichi, zuri, la mbali. Lakini kuta zile, zilizopangwa bila udongo wala saruji, zilijengwa kulinda watu na ng'ombe, na siri yake iko kwenye malango. Ni mafupi, huingii bila kuinama. Picha ya mtu aliyeinama, mawe yakiwa yamembana kulia na kushoto, ingemweleza mgeni kwa nini ukuta ulikuwapo. Droni haiinami.

Na picha ikishapigwa, lazima itunzwe. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliwapiga Wajaluo picha, na picha hizo zimetunzwa Pitt Rivers Museum, Oxford. Mwaka 2007 nakala za picha za zamani za jumba hilo zililetwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, na watu wakazitazama wakiwa nyumbani kwao. Nilifurahi, na papo hapo nikaona uchungu. Mzee wetu alipofariki, maboksi ya negativu zake yalitolewa nje ili chumba kipangishwe, na mvua ikayakuta huko. Zilikuwamo harusi, vitambulisho, matanga, watoto wa Kendu Bay na Rongo waliovalishwa viatu vya kuazima. Anayetafuta sura ya babu yake wa 1936 anaweza kuandika barua Oxford. Anayetafuta ya mama yake wa 1986 hana pa kuandika.