Wimbo Ndani ya Hoteli ya Sker

Katika pwani ya kusini ya Wales, karibu na mji wa Porthcawl, ipo nyumba kongwe ya mawe iitwayo Sker. Wenyeji husimulia habari za Elizabeth Williams, binti wa nyumba hiyo, aliyependana na Thomas Evans, mpiga kinubi, hata baba mtu akamfungia ndani wasionane tena. Mwaka 2020 kampuni ya Wales Interactive, ya huko huko Wales, iliigeuza hadithi hiyo kuwa gemu ya kutisha, Maid of Sker.

Wabunifu wake wangeweza kubandika maneno mawili matatu ya Kiwelisi kwenye vibao vya milango, kazi ikaisha. Walichofanya ni kazi ya mafundi hasa: gemu nzima waliijenga juu ya sikio. Mwaka ni 1898, nyumba imekuwa hoteli, na Thomas ameingia kumtafuta mpenzi wake. Wanaomwinda humo ni vipofu, lakini wanasikia. Akijigonga kwenye samani, wanageuka. Akikohoa, wamemfikia. Mchezaji amepewa kitufe cha kubana pumzi, kwa kuwa moshi na vumbi humkaba koo, lakini pumzi yenyewe haidumu. Basi unabana, unanyata, unatega sikio. Na katika utulivu huo wa kulazimishwa inakujia sauti ya mwanamke anayeimba Kiwelisi.

Nyimbo zenyewe ni urithi wa watu. Calon Lân, yenye maneno ya Daniel James, ni ya miaka ya 1890, na hadi leo Wawelisi huiimba kanisani na kwenye viwanja vya raga. Ar Hyd y Nos ilikwisha kuchapwa mwaka 1784. Tia Kalmaru anaziimba polepole, bila mbwembwe, kama mama anayembembeleza mtoto aliyekwisha kulala. Aliyekua nazo hapo anatishwa na kitu anachokipenda, na sijui hofu iliyosukwa kwa ustadi kuliko hiyo. Mgeni naye, asiyejua hata neno moja, anaisikiliza lugha hii kwa makini ambayo darasa haliwezi kumpa, maana uhai wake unategemea kusikia.

Darasa, kwa kweli, liliwahi kuwa adui wa lugha hii. Katika shule kadhaa za Wales za karne ya 19, mtoto aliyenaswa akisema Kiwelisi alivishwa kibao cha mti shingoni. Wakenya wengi hawahitaji kuelezwa adhabu hiyo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi wanafunzi wa Kikuyu walivyovishwa vibao vya chuma kwa kosa la kusema lugha yao. Thomas na Elisabeth wa kwenye gemu ni watu wa karne hiyo. Kumpa binti huyo nguvu iliyomo katika wimbo, na wimbo huo uwe wa Kiwelisi, ni uamuzi ninaouheshimu sana.

Hata hivyo, mazungumzo ya gemu yamebaki Kiingereza, na hapo natamani mafundi hawa wangethubutu zaidi. Natamani Elisabeth azungumze lugha anayoiimba. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 nchini Wales wanaosema Kiwelisi. Wangemwelewa bila kusoma maandishi chini ya skrini, nasi wengine tungesoma.