Moto wa Pili

Makongolosi, wilayani Chunya, ni mji wa watu wanaokula saa zisizo za kula. Makarasha husaga mawe usiku na mchana, zamu hazifanani, na mtu anayetoka mwaloni, kwenye kuchenjua dhahabu, saa sita za usiku hana subira ya kungoja maharage yaive. Wachimbaji wa eneo hili la Lupa wametajwa sana tangu miaka ya 1920 na 1930, watu walipoanza kuikimbilia dhahabu ya Chunya. Waliowapikia wametajwa kwa nadra, nami naona hapo kuna deni.

Shangazi yangu anapikia wanaume watatu wa machimbo. Jikoni kwake kuna friza kubwa ya mlango wa juu, na ndani zimepangwa trei ndogo za foili zenye makaroni ya kuoka. Chakula chenyewe kinapikwa Jumapili na kuliwa Jumatano, Alhamisi, au wiki nyingine kabisa. Ukimtazama akifanya kazi unagundua kwamba karibu kila kitu anakiacha kabla hakijafika. Anaupikia moto wa pili.

Anaanza na nyama ya kusaga, bila mafuta, kwenye sufuria zito. Nyama inatoa maji, maji yanakauka, kisha inaanza kukaanga kwa mafuta yake yenyewe, na hapo tu ndipo kitunguu kinapoingia. Vitunguu ni vya Ruaha Mbuyuni, nyanya ni za Ilula. Vyote vimepita Mbeya, vikapanda milima na kushuka hadi huku kwenye joto. Nyanya anazikwangua kwenye greta, ganda linabaki mkononi. Karoti, kitunguu saumu, pilipili manga, jani moja la mdalasini. Rojo lingekuwa la kula na wali leo, angelikausha mpaka mafuta yaelee. Hili analiepua likiwa bado linachezacheza.

Makaroni ndiyo penyewe. Pakiti inasema dakika 10, yeye anasimama juu ya sufuria kuanzia ya tano. Anaopoa moja kwa ncha ya mwiko, anaikata kwa kucha na kuisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya ukuta wa makaroni pana mstari mweupe, mwembamba, wa unga ambao maji hayajaufikia. Anautafuta mstari huo. Ukiwa mnene anarudisha mfuniko. Ukiisha kabisa amechelewa, na makaroni hiyo italiwa jioni hiyo hiyo kwa mchuzi wa kawaida, haitaingia kwenye trei. Ukiwa mwembamba kama anavyoutaka, anamwaga maji yote mara moja, anapitisha maji baridi kusimamisha uivaji, kisha anachanganya na kijiko cha mafuta ili isishikane.

Sababu ninaijua, lakini sijawahi kuiona ikiheshimiwa hivi. Makaroni ni wanga, na wanga haushibi kirahisi: unaendelea kunywa mchuzi wakati chakula kinapoa, na unakunywa tena kinapopashwa. Iliyoiva kabisa Jumapili inakuwa bokoboko Alhamisi.

Kwa sababu hiyo hiyo sosi nyeupe anaifanya nyepesi kama uji wa mgonjwa. Siagi inayeyuka, unga wa ngano unaingia, anaukoroga kwa moto mdogo mpaka harufu ya unga mbichi iondoke bila rangi kubadilika. Maziwa, ya vuguvugu, anayaongeza upawa mmoja mmoja, na haongezi wa pili kabla wa kwanza haujapotea. Mkono wake hauna haraka hata kidogo. Mwishoni inaingia jibini ya Njombe, mji uliojengewa kiwanda cha maziwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Waitaliano; kwa hiyo chakula chenye asili ya Italia kinakutana na jibini ya mikono iliyofunzwa na Waitaliano, hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Nusu ya jibini anaiweka kando. Siku yake bado.

Oveni ni sufuria kubwa lenye mchanga mkavu chini, na mfuniko wa bati unaobeba makaa. Trei zinakaa juu ya mchanga, makaa machache chini, machache juu. Anaoka mpaka kingo zianze kuchemka na katikati pakaze, basi. Juu panabaki peupe. Mgeni angesema hajamaliza.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka: kupoza. Chakula cha moto kikifungiwa kwenye friza kinapasha vya jirani na kujijaza mvuke, na mvuke huo ukiganda unakuwa theluji juu ya sosi. Kikiachwa mezani jioni nzima, kwa joto la Makongolosi, bakteria wanapata muda wa kuzaliana. Anaweka trei kwenye beseni lenye maji baridi yanayofika nusu ya kimo cha trei, anabadilisha maji yakipata joto, na ndani ya saa mbili trei zote zimepoa na kufungwa. Foili anailaza juu ya chakula chenyewe, akiifuata kwa vidole mpaka pembeni pasibaki hewa, maana hewa ndiyo inayokausha chakula kwenye baridi. Juu yake karatasi ya gundi na tarehe. Usiku wa kwanza trei hazipandani, zinakaa mbalimbali ili baridi izizunguke. Zikishakuwa ngumu ndipo zinapopangwa. Nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi miwili, mitatu ikizidi sana.

Penye nafasi tupu anaweka chupa za maji. Friza iliyojaa, umeme ukikatika na mlango usipofunguliwa, inashikilia baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Chupa hizo ni akiba yake ya baridi, na watoto wa nyumba hiyo wanajua kwamba umeme ukienda, friza haiguswi.

Trei ya kuliwa inatoka kwenye friza usiku uliotangulia na kuingia kwenye friji, iyeyuke taratibu. Kisha sufuria la mchanga tena. Kwanza inapashwa ikiwa imefunikwa kwa foili, moto zaidi chini. Baada ya muda anachoma kisu katikati, anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, anakigusisha nyuma ya kiganja. Vitabu vya upishi vinataka nyuzi 74. Yeye anataka kisu kimfanye aondoe mkono. Kikiwa vuguvugu, mfuniko unarudi, hata kama mwenye njaa ameshakaa mezani.

"Mwanangu, kunja miguu usubiri," anamwambia. "Juu imeungua na ndani barafu, hicho si chakula."

Foili inaondolewa. Anamwagia maziwa kidogo pembeni, penye kukauka haraka, ananyunyiza ile jibini iliyowekwa kando, na makaa karibu yote yanahamia juu ya mfuniko. Hapo ndipo rangi inapokuja: madoa ya kahawia yanaanzia kwenye pembe na kukutana katikati, sosi inatoa mapovu madogo. Sasa makaroni imeiva, kwa mara ya kwanza, na ule mstari mweupe haupo. Inatulia dakika kumi kabla ya kukatwa, kisha kipande kinasimama chenyewe kwenye sahani, kachumbari pembeni.

Trei iliyopashwa hairudi kwenye friza, ndiyo maana zote ni ndogo, za kumtosha mtu mmoja aliyefanya kazi. Wakija wawili zinatoka mbili. Ukutani, karibu na friza, pana karatasi yenye mistari ya penseli; kila trei ikitoka mstari mmoja unakatwa, na ikibaki miwili anatuma mtu bucha.