Tezo za Wamunyu

Ukitoka Machakos mjini kwenda Kitui utapita Wamunyu, kituo kidogo cha soko huko Mwala ambacho msafiri mwenye haraka hukipita hata soda yake haijaisha. Afadhali ashuke. Uchongaji wa Wakamba unaojulikana duniani ulianzia hapa.

Sifa za kwanza ni za Mutisya Munge, mwana wa Wamunyu aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa Wazaramo kuchonga vinyago vya kuuza. Wakamba tangu zamani walichonga vigoda, miiko na fimbo. Mutisya aliporudi aliwaonyesha soko. Jamaa na majirani wakafuata, na kazi ikafika Nairobi na Mombasa, ambako Wakamba waliunda ushirika wao mwaka 1963. Wamunyu nayo ina ushirika wake.

Lakini pongezi zangu kubwa ni kwa mkono wenye tezo. Fundi huketi, hubana gogo kwa miguu, na swala hujitokeza pigo kwa pigo bila mchoro wowote. Kisha huja kisu, msasa, na mara nyingi rangi ya viatu. Wapo wanaowacheka kwa kurudia twiga yuleyule. Mimi siwacheki: twiga huyo amelipa karo nyingi.

Mpingo na mhugu vimeadimika, hivyo wengi sasa huchonga mwarobaini na mwembe. Mbao hizi zikikaushwa kwa pupa hupasuka, na fundi mzoefu huziacha kivulini hata mteja akinung'unika.