Faili la Mfumo Linapoharibika Tena

Windows huhifadhi nakala safi za mafaili yake ya mfumo katika folda iitwayo WinSxS. Amri ya sfc /scannow hukagua mafaili yanayolindwa, na lililobadilika hurudishiwa nakala kutoka ghala hilo. Ghala lenyewe likiwa bovu, sfc hukwama. Ndiyo maana DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012, hutangulia: huchota nakala mpya kutoka Microsoft kupitia intaneti, kisha sfc hufuata. Kwa hitilafu ya mara moja, kazi huishia hapo.

Hitilafu inayorudi kila wiki ni habari nyingine. Mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Kompyuta hutulia siku chache, kisha huanza tena, kwa kuwa kilichotibiwa ni faili, na kinacholiharibu bado kimo ndani. Kabla ya kurekebisha mara ya pili, yafaa kusoma CBS.log, iliyomo katika C:\Windows\Logs\CBS, hasa mistari yenye alama [SR]. Humo mna majina ya mafaili yaliyokutwa na kasoro.

Jina lilelile likijirudia kila ukaguzi, mshukiwa wa kwanza ni programu inayolibadilisha faili hilo, au ukaguzi wenyewe. Julai 2019 sfc ililalamikia mafaili ya PowerShell ya Windows Defender kwenye kompyuta zisizo na ubovu wowote. Sasisho la Defender lilikuwa limeweka matoleo mapya halali, na sfc ikayaona mageni.

Majina yakibadilika, leo DLL hii, kesho ile, shaka huhamia kwenye vifaa, kwanza RAM. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina RAM ya ECC, ile inayosahihisha makosa yake. Biti moja ikigeuka wakati sasisho linaandikwa, kosa huingia kwenye diski kimyakimya. Baya zaidi, sfc nayo hufanyia hesabu zake katika RAM hiyohiyo, hivyo huweza kulihukumu faili lisilo na kasoro kuwa bovu. Ni kupima unga kwa mizani iliyopinda.

MemTest86, programu ya kupima RAM, huwekwa kwenye flashi, kompyuta ikawashwa kutoka humo na kuachwa usiku kucha. Toleo la bure huzunguka mara 4. Kosa moja tu latosha kuwa ushahidi. Hata hivyo kipande cha RAM kisitupwe upesi: XMP, mpangilio unaoiongezea RAM kasi, huzimwa kwanza katika BIOS, maana huenda kasi ndiyo iliyozidi, kisha vipande hupimwa kimoja kimoja katika tundu lilelile.

RAM ikiwa safi, CrystalDiskInfo husoma hali ya diski. Namba za 05 na C5, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, zikipanda, diski inakufa. Data ihamishwe kabla ya chkdsk /r, ambayo huisoma diski yote na huenda ikaimaliza. C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ikipanda, kebo ya SATA hubadilishwa, tiba rahisi kuliko zote. Hesabu ya C7 haishuki baada ya hapo. Kinachotazamwa ni kama imeacha kupanda. Umeme unaokatika katikati ya sasisho nao huharibu mafaili, na kwa kompyuta ya mezani dawa yake ni UPS.

Kifaa kibovu kikishaondolewa, DISM na sfc huendeshwa upya, kisha sfc peke yake baada ya wiki moja, CBS.log ikiwa wazi pembeni.