Damu Iandikayo: Kifo cha Lumumba katika Kazi ya Tshibumba

Mhakiki wetu atakapo kuzungumzia kuuawa kwa Patrice Lumumba, aghalabu hukimbilia tamthilia zilizoandikwa kwa Kifaransa. Lakini masimulizi mazito kupita yote niyajuayo juu ya kifo hicho yalitolewa kwa Kiswahili, huko Lubumbashi, kati ya 1973 na 1974. Msimulizi ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo mia moja za historia ya Zaire, akazieleza moja moja kwa kinywa chake. Wala hakupenda kuitwa mchoraji tu, bali mwanahistoria.

Picha ya 17 Januari 1961 ndiyo itushughulishayo hapa. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wamelala maiti. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Damu itokayo ubavuni mwa Lumumba yaandika ardhini, kwa Kifaransa, neno umoja. Uwanda wa Katanga umekuwa Golgotha.

Hapo ndipo nilipopata shaka nilipoitazama mara ya kwanza. Masihi hufa kwa kuwa imekwisha andikwa kwamba atakufa; Lumumba aliuawa na watu. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, naye akayataja mateso ya ukoloni mbele ya Mfalme Baudouin. Tarehe 11 Julai, Tshombe akaitenga Katanga, nchi ya shaba, akiegemea askari wa Kibelgiji na fedha za Union Minière. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu akamfukuza Lumumba katika uwaziri mkuu. Siku tisa baadaye Mobutu akaingiza jeshi katika utawala. Mateka akapelekwa Katanga kwa ndege, mikononi mwa adui zake, akapigwa risasi mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi hiyo walikuwa na dhima ya kimaadili. Je, msalaba hauyafuniki hayo yote kwa utandu wa majaliwa?

Yafaa tukumbuke msanii alichora chini ya nani. Mobutu, ambaye mkono wake ulikuwamo katika kumtoa Lumumba, ndiye aliyemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Kumlilia Lumumba kuliruhusiwa. Kuuliza nani alimuuza ni jambo jingine. Basi Tshibumba anachora msalaba, na asomaye Injili ajua kwamba penye msalaba hawakosi Yuda na Pilato. Swali laachwa kwa mtazamaji, nalo halimpi mpelelezi wa serikali neno la kushika. Nimeiacha shaka yangu ya kwanza, ingawa si yote: mlingano huu wamweleza msaliti vyema kuliko uielezavyo kampuni ya madini.

Lililo kali zaidi ni lile neno la damu. Umoja, katika udongo wa Katanga uliojitenga, likichorwa na mzaliwa wa mji uleule uliokuwa makao makuu ya Tshombe! Hapo picha haihitaji Injili. Yamkabili mtu wa Lubumbashi juu ya historia ya mji wake mwenyewe.

Na lugha je? Tshibumba asema ba- pale ambapo sisi twasema wa-, upatanisho wa ngeli aulegeza, Kifaransa kimo humo kwa humo. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumemwachia mwanaanthropolojia. Kitabu cha Fabian cha 1996 kiliyachapa masimulizi haya kwa Kiingereza, hata msomaji wa Mombasa akawa anasoma kwa tafsiri yale yaliyosemwa kwa lugha yake. Sioni kwa nini mtihani wetu wa fasihi simulizi umkubali manju wa pwani na kumkataa huyu. Yeye mwenyewe hawezi kuulizwa: habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.