Kiraka Kilichokaa Juu

Ukitaka kujua jiko la kuni lilijengwa kwa akili gani, litazame likiwa limekwisha kung'olewa. Tarime mjini, Sirari, na ukiteremka hadi Mugumu wilayani Serengeti, si ajabu kukuta alama hii: ukuta mweusi kwa masizi na, karibu na mabati, mstatili wa saruji mpya pale palipokuwa na tundu la moshi. Mafiga yametolewa, mtungi wa gesi umeingia, tundu limezibwa. Kiraka hicho kinastahili uhakiki, maana kinasema mengi kuliko alivyokusudia aliyekiagiza.

Tuanze na umbo la awali. Katika nyumba ya msonge moto ulikaa chini, juu yake kichanja cha nafaka, na juu zaidi paa la nyasi. Moshi ulipanda ukikausha mbegu ya mahindi na ulezi, ukawafukuza fukusi, kisha ukapenya kwenye nyasi na kuzikinga na wadudu. Dirisha la nini? Paa lenyewe lilipumua. Macho ya mama mpishi yaliungua, hilo hatulifichi, lakini kifani hapakuwa na kipande kilichokaa bure. Zikaja nyumba za pembe nne, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikazipanga kwa mistari, na bati likachukua nafasi ya nyasi. Bati halipitishi moshi. Ndipo fundi alipoacha tundu juu ya ukuta. Kwa hiyo tundu tunalolizika leo lilikuwa marekebisho ya marekebisho.

Sasa kisogelee kiraka. Mara nyingi ufa mwembamba umekizunguka pande zote nne, kwa sababu matofali mapya yalisukumwa ndani bila kufungamanishwa na ya zamani. Pengine plasta imebanduka kama ganda: ilipigwa juu ya masizi, na saruji haishiki masizi mpaka ukuta ukwanguliwe kwa brashi ya waya na kuloweshwa maji. Chokaa nayo haisaidii. Paka mkono wa kwanza, paka wa pili, doa la rangi ya chai linarudi palepale. Mimi doa hilo silioni kuwa aibu ya fundi. Ni sehemu pekee ya ukuta inayokiri kwamba hapa palipikwa miaka mingi.

Kosa kubwa liko kwingine, na ni kosa la muundo. Aliyeziba tundu alifikiri hivi: tundu ni la moshi, gesi haina moshi, basi tundu halina kazi. Hoja imenyooka, ila imeacha jambo moja. Moshi wa moto ni wa joto, hupanda. Gesi ya mtungini, mchanganyiko wa propani na buteni, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, ikatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni ikingoja njiti ya kiberiti. Jiko la gesi linadai uwazi chini, usawa wa kizingiti, na bado linahitaji uwazi wa juu, kwa sababu moto wake hula hewa ya chumba, na hewa ikipungua hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Fani ilitakiwa kuongezewa tundu la pili. Badala yake imenyang'anywa la kwanza, na mlangoni pakawekwa gunia la kuzuia baridi ya Juni. Tarime iko juu, baridi yake si ya mzaha, namwelewa aliyeliweka.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo jema, hasa kwa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako kuingia hifadhini kutafuta kuni ni kukiuka sheria. Ila mtungi mdogo wenye jiko lake kichwani haukubuniwa kwa ugali wa watu kumi. Songa ugali mgumu kwa nguvu za mikono yote miwili uone sufuria inavyoyumba. Mafiga matatu yaliibana isitikisike. Ndiyo maana mafiga hayo hayatupwi. Yamehamia uani, yanangoja msiba, harusi, au Jumapili yenye wageni.

Ningepewa kuchagua kiraka bora, ningechukua kile cha matofali yenye matundu: mvua inazuiwa na paa lililochomoza, popo hapiti, hewa inapita. Bei yake haipishani sana na ya kuziba kabisa. Fundi anakijua. Huambiwa tu "ziba", naye huziba, akalipwa, akaondoka bila mtu kumwomba atoboe kingine karibu na sakafu.