Sifa ya Kasia

Kupiga kasia kwa pamoja ni kazi ambayo mwenye nguvu nyingi ndiye anayeweza kuiharibu upesi. Katika mashua ya watu wanane, mmoja akivuta kabla ya wenzake, hata kwa kufumba na kufumbua, chombo kinayumba na jasho la wale saba linapotea majini. Daniel James Brown analieleza jambo hili kwa subira kubwa katika The Boys in the Boat, kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya vijana wa Chuo Kikuu cha Washington walioshinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Nimekisoma hapa Rusizi, kando ya Ziwa Kivu, na sioni mahali panapokifaa zaidi.

Huku kwetu wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakaingia ziwani jua likizama, kwa kuwa samaki hao hufuata mwanga wa taa. Usiku wa mbalamwezi taa hazifui dafu. Chombo chenyewe ni kipana na kizito, hakiendi kama kila mtu anapiga kafi lake kivyake. Ndiyo sababu wanaimba. Mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na makafi yanaingia majini pamoja na kiitikio. Mgeni aliyesimama ufukweni hudhani wanajiburudisha. Wako kazini tangu ubeti wa kwanza.

Kwa hiyo sikushangaa kuona kwamba shujaa wa Brown, Joe Rantz, hakupungukiwa na misuli. Alipungukiwa na imani. Mwaka 1929, akiwa na miaka 15, baba yake na mama wa kambo walipakia watoto wengine garini wakaondoka katika mji wa Sequim, yeye wakamwacha ajitafutie. Alivua samaki, akakata magogo, akajilea. Kijana aliyefunzwa hivyo na maisha anawezaje kukabidhi uzito wake kwa watu saba asiowaona machoni? Swali hilo ndilo lililonishika kuliko medali.

Aliyemsaidia kulijibu ni fundi wa mashua, George Pocock, Mwingereza aliyekuwa na karakana yake palepale chuoni. Pocock alitengeneza ganda la mashua kwa ubao mwembamba wa mwerezi, akaulainisha kwa mvuke ukubali umbo. Ubao ukipata unyevu ulitaka kurefuka, lakini kiunzi cha ndani hakikuuruhusu, basi mashua nzima ikabaki imejikaza kidogo, kama upinde uliovutwa, tayari kuruka mbele. Mashua yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu mita 19. Nilizisoma kurasa hizo polepole kuliko zote. Fundi huyohuyo alimwambia Joe kwamba hatapiga kasia vizuri mpaka awajali wenzake.

Fainali ilipigwa Grünau tarehe 14 Agosti 1936, mita 2,000, Hitler akitazama. Wamarekani walipewa njia iliyopigwa na upepo, wakachelewa kuondoka, na Don Hume, ambaye wote walifuata mkupuo wake, alikuwa mgonjwa. Karibu na mwisho kelele za watu zikawa nyingi mno, sauti ya nahodha Bob Moch ikamezwa. Moch akaanza kugonga ubavu wa mashua kwa vipande vya mti vilivyofungwa kwenye kamba za usukani, ili wenzake waupate mdundo kwa miili yao. Mvuvi yeyote wa Kivu angemwelewa papo hapo. Walishinda kwa dakika 6 na sekunde 25.4, Italia ikafuata kwa 6:26.0, Ujerumani kwa 6:26.4.

Brown alimkuta Joe mgonjwa, katika miezi yake ya mwisho; alifariki mwaka 2007. Mzee alikubali maisha yake yaandikwe, mradi kitabu kisimhusu yeye peke yake, kiihusu mashua. Kila kundi la mitumbwi mitatu kwenye ziwa hili lina historia ya namna hiyo: nani alitoa nyimbo, nani alikaa wapi, nani alifundisha vijana kufunga miti ile isilegee usiku wa mawimbi. Anayetaka kuiandika na ateremke kisiwani Nkombo mwaka huu, wazee wangali wanaweza kusimulia.